Kusoma chuo kikuu kutoka mbali: mashauri kwa wanafunzi na kwa parokia zao



Katika parokia nyingi za mashariki mwa nchi yetu kuna leo watu wanaosoma chuo kikuu bila kuingia darasani. Mmoja ni muuguzi katika kituo cha afya, mwingine ni mwalimu wa sekondari, mwingine ni mchungaji ambaye hawezi kuliacha kundi lake kwa miaka mitatu. Wengine walikuwa wanasoma mjini, kisha vita vikawarudisha nyumbani au vikawasukuma mpaka mji mwingine. Chuo chao kiko Kinshasa, Dakar, Dar es Salaam, Pretoria au Ulaya. Wao wanapokea masomo kwenye simu au kompyuta, na wanatuma kazi zao kwa intaneti.

Tunamshukuru Mungu kwa mlango huu. Lakini tuseme ukweli: wengi wanaoanza hawamalizi. Wanaacha kimya kimya. Familia ilichanga pesa, wamama walitoa sadaka, kanisa liliomba siku ya kumtia moyo mwanafunzi. Baada ya miaka miwili hakuna anayeuliza tena habari za masomo, na mwenyewe anaona haya kusema. Sisi tunasema mtandao ni mbaya. Ni kweli, mtandao ni mbaya. Lakini mara nyingi kuna sababu nyingine kubwa zaidi: mtu huyo aliachwa asome peke yake, na hakuna aliyelinda saa yake ya kusoma. Makala hii inataka kueleza mambo ambayo mwanafunzi anapaswa kuyajua, na mambo ambayo parokia inaweza kufanya ili amalize.

Njia hii si mpya

Masomo ya mbali hayakuanza na simu. Tangu mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kiliruhusu watu wafanye mitihani yake bila kusoma London. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kilianza kufundisha kwa barua mwaka 1946. Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria kutoka chuo hicho mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Kwa jirani zetu, sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ilitungwa mwaka 1992.

Kanisa nalo linaijua njia hii. Mwaka 1963, seminari ya Kipresbiteri nchini Guatemala iliona shida ambayo sisi pia tunaifahamu: vijana waliokuja kusoma mjini hawakurudi vijijini, na wazee waliokuwa tayari wanaongoza makanisa hawakuweza kuacha mashamba na watoto ili waende shuleni. Basi seminari ikabadili njia. Mwanafunzi alisoma vitabu nyumbani, akaendelea na kazi yake katika kanisa, na mara moja kwa juma alikutana na mwalimu pamoja na wenzake. Ndivyo ilivyoanza TEE, mafundisho ya theolojia kwa watu walio mbali, ambayo yameenea katika makanisa ya Afrika.

Angalieni kwamba njia ile ilikuwa na sehemu tatu: kitabu, kazi, na mkutano wa kila juma. Leo chuo cha intaneti kinatupa kitabu, na sisi tuna kazi tayari. Sehemu inayokosekana kwetu ni ile ya tatu.

Kabla ya kulipa, hakikisha chuo

Pesa nyingi hupotea kabla ya somo la kwanza. Kuna watu wanaouza diploma. Wanaandika kwamba unaweza kupata shahada kwa miezi michache, bila mtihani, kwa sababu ya "uzoefu wako wa maisha". Wanatumia jina linalofanana na la chuo maarufu. Na sisi watumishi tusijidanganye: wachungaji pia wamenunua vyeo vya "daktari" kwa njia hii. Cheti cha namna hiyo hakikupi elimu, na siku kitakapochunguzwa kitaliaibisha kanisa.

Kabla ya kutuma hata dola moja, tafuta majibu ya maswali haya:

1. Je, chuo kinatambuliwa na serikali ya nchi yake? Uliza namba na tarehe ya kibali, kisha uulize wizara ya nchi ile kama ni kweli. Kwa chuo cha Kongo, uliza wizara yetu ya Elimu ya Juu na ya Vyuo Vikuu (ESU).

2. Je, diploma ya chuo cha nje itakubaliwa hapa kwetu? Diploma ya nje inahitaji kupewa usawa na wizara. Uliza mapema ni karatasi gani zitatakiwa. Uliza pia yule atakayekuajiri, kama ni hospitali, shule au jumuiya yako, kama anakubali diploma ya masomo ya mbali katika fani yako. Fani ya uuguzi au ya maabara haiwezi kusomwa yote kwenye simu. Lazima kuwe na mafunzo ya vitendo, na ujue yatafanyika wapi.

3. Mtihani unafanyika wapi? Vyuo vingine vinataka ufike katika kituo chao, na huenda kituo hicho kiko ng'ambo ya mpaka. Hesabu safari, karatasi za kusafiria na malazi. Vingine vinataka ukae mbele ya kamera saa nzima bila mtandao kukatika. Je, unapokaa jambo hilo linawezekana?

4. Malipo yanaingia wapi? Chuo cha kweli kinapokea pesa kwa jina la chuo na kinatoa risiti. Ukiambiwa utume kwa namba ya simu ya mtu binafsi, simama kwanza. Uliza pia kama kuna njia ya pili ya kulipa. Benki zilipofunga milango Goma mwanzoni mwa 2025, tulijifunza kwamba njia moja haitoshi.

Kama huna wa kuuliza, nenda katika chuo kikuu cha Kiprotestanti kilicho karibu nawe: ULPGL kule Goma, UEA kule Bukavu, au Chuo Kikuu Shalom kule Bunia. Waalimu wa huko wanafahamu mambo ya diploma, na swali halilipiwi.

Hesabu saa kabla ya kuhesabu pesa

Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: anakaa kwanza na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi na kushindwa kumaliza (Luka 14). Wanafunzi wengi wanahesabu pesa za masomo tu. Gharama iliyo kubwa zaidi ni saa.

Katika mpango wa LMD unaofuatwa sasa hapa Kongo, mwaka mmoja wa masomo una krediti 60. Lisansi ni krediti 180, yaani miaka mitatu; masta ni krediti 120, yaani miaka miwili. Krediti moja si saa moja ya kumsikiliza mwalimu. Ndani yake kuna kusoma, kufanya mazoezi, kuandika na kujitayarisha kwa mtihani. Tukihesabu saa 25 kwa krediti moja, mwaka mzima unataka saa 1500. Ukizigawa kwa majuma 40, ni zaidi ya saa 37 kwa juma. Hiyo ni kazi nzima ya mtu, sawa na kazi ya ofisi.

Sasa tuchukue mfano wa mwalimu anayefundisha kila siku. Anaweza kusoma saa mbili jioni kwa siku tano, na saa nne siku ya Jumamosi. Jumla ni saa 14 kwa juma. Kwa majuma 40 atapata saa 560, ambazo ni krediti 22 hivi. Kwa mwendo huo, lisansi ya krediti 180 itamchukua karibu miaka minane. Akitaka kuimaliza kwa miaka sita, anahitaji saa 19 kwa juma.

Hatuandiki haya ili kumvunja mtu moyo. Tunayaandika kwa sababu mtu aliyeahidi familia yake miaka mitatu, kisha mwaka wa nne ukafika naye yuko katikati, anajiona ameshindwa, kumbe alikuwa anakwenda mwendo wake wa kawaida. Mwambie mume wako, mke wako na wazazi wako hesabu ya kweli tangu mwanzo. Uliza chuo kama kinaruhusu kuchukua masomo machache kwa mwaka, na miaka mingapi wanakupa kabla jina lako halijafutwa. Mwaka wa kwanza anza na masomo mawili au matatu. Ukiyaweza, ongeza.

Saa moja, mahali pamoja

Usiseme "nitasoma nikipata nafasi". Nafasi haipatikani. Chagua saa, uiandike ukutani, na watu wa nyumbani waijue. Wengine wanasoma alfajiri, kabla watoto hawajaamka, wengine usiku. Saa nzuri ni ile ambayo unaweza kuirudia kesho na kesho kutwa.

Hapa tuseme neno kwa ajili ya wamama wanaosoma. Mama akirudi kazini anakuta maji, moto, watoto na wagonjwa. Akifungua kitabu, anaitwa. Kama nyumba nzima haikukubali kumlinda, saa yake haipo. Baba, kama ulifurahi siku mke wako alipoandikishwa, furaha hiyo ionekane saa moja ya jioni: wewe au watoto wakubwa mshike kazi ya nyumba, naye asome. Na parokia isimwongezee kamati nyingine mwezi wa mitihani.

Ukifika saa yako, usianze kwa kufungua ujumbe wa simu. Anza kwa maombi mafupi, kisha soma ukiwa na kalamu na daftari. Kwa kila somo, funga kitabu na uandike kwa maneno yako mambo uliyoyaelewa. Kama masomo ni ya Kifaransa au ya Kiingereza, jaribu kumweleza mtu wa nyumbani kwa Kiswahili. Ukishindwa kueleza, bado hujaelewa. Rudi usome tena. Njia hii haihitaji mega hata moja.

Mtandao, umeme na tarehe

Mwanafunzi wa mashariki asipange masomo yake kama mtu ambaye ana mtandao kila siku. Apange kama mtu anayeteka maji: siku moja anajaza mitungi, na siku nyingine anatumia yaliyomo. Chagua siku moja au mbili kwa juma, saa ambazo mtandao ni mwepesi, mara nyingi usiku sana au alfajiri. Siku hizo pakua masomo yote ya majuma mawili yanayokuja, uyahifadhi kwenye simu na kwenye flashi. Chagua maandishi kuliko video. Kama kuna video tu, mwombe mwalimu sauti peke yake au muhtasari ulioandikwa. Siku nyingine zote soma bila kuwasha intaneti.

Andika kazi zako nje ya mtandao, kisha uzinakili na kuzituma. Ukiandika moja kwa moja ndani ya ukurasa wa chuo, umeme ukikatika unapoteza yote. Ukimaliza kutuma, piga picha ya ukurasa unaoonyesha kwamba kazi imepokelewa. Picha hiyo ndiyo ushahidi wako.

Angalia sana saa za kutuma kazi. Sisi wa mashariki tuko saa moja mbele ya Kinshasa. Kazi inayofungwa 23:59 ya Kinshasa, kwetu inafungwa 0:59. Kwa Dakar tuko saa mbili mbele, kwa hiyo una mpaka 1:59 usiku. Afrika Kusini saa zao ni sawa na zetu. Lakini chuo kikiwa Tanzania au Kenya, wao ndio walio mbele: 23:59 yao ni 22:59 yetu, na ukingoja usiku wa manane umechelewa. Kanuni iliyo salama kwa wote ni hii: tarehe yako wewe iwe siku tatu kabla ya tarehe ya chuo. Katika siku hizo tatu mvua inaweza kunyesha, umeme unaweza kwenda, na bado utatuma.

Kisha karatasi zako. Ndugu wengi waliokimbia waliacha diploma nyumbani, na kuzipata tena ni kazi ya miaka. Leo, siyo kesho, piga picha safi ya diploma yako ya serikali, cheti cha kuzaliwa, matokeo ya kila mwaka na risiti zote. Zihifadhi mahali patatu: katika barua pepe yako, kwenye flashi, na kwa ndugu unayemwamini anayekaa mji mwingine. Neno la siri la barua pepe uliandike mahali unapopajua, kwa sababu simu ikiibiwa usipoteze na chuo.

Kazi yako iwe yako

Mwanafunzi aliye mbali anajaribiwa kwa namna ya pekee. Hakuna anayemwona. Anaweza kunakili kurasa za intaneti, kumlipa mtu amwandikie, au kuiambia programu ya akili bandia iandike kazi nzima. Vyuo vina njia za kugundua, na mtu anaweza kufukuzwa. Lakini tufikiri zaidi ya hapo. Muuguzi ambaye hakusoma mwenyewe somo la vipimo vya dawa, siku moja atasimama mbele ya mtoto mgonjwa. Siku hiyo atatumia anachokijua yeye, siyo kilichoandikwa kwenye cheti.

Ukitumia maneno ya mwingine, taja jina lake na kitabu chake. Kama chuo kinaruhusu akili bandia, itumie kama unavyomuuliza mkubwa wako akueleze jambo gumu, kisha funga na uandike mwenyewe; na hakikisha, kwa sababu programu hizo zinakosea na hata kubuni vitabu ambavyo havipo.

Usisome peke yako

Sasa turudi kwenye sehemu ile ya tatu, mkutano wa kila juma. Tafuta wenzako wawili au watatu. Si lazima muwe chuo kimoja wala fani moja. Mnaweza kukutana Jumamosi kwa saa mbili. Kila mmoja aseme mambo matatu: juma hili nimesoma nini, nimekwama wapi, juma linalokuja nitamaliza nini. Yaandikeni katika daftari moja. Juma linalofuata anzeni kwa kusoma mlivyoandika.

Jambo hili ni dogo, lakini lina nguvu. Mwalimu aliye Dakar hataona kwamba umenyamaza majuma matatu. Mwenzako ataona, naye atakuja kukubishia hodi.

Mwandikie mwalimu wako pia. Wanafunzi wetu wanaogopa kuuliza, wakidhani ni kukosa heshima. Kwa masomo ya mbali, mwanafunzi asiyeandika haonekani. Barua iwe fupi: jina lako, namba yako ya mwanafunzi, somo, ukurasa, na swali lako. Kama vita au ugonjwa umekuzuia, andika mapema kabla tarehe haijapita, useme wazi hali ilivyo, na uombe siku za kuongeza. Waalimu wengi wanasikia wanapoelezwa mapema.

Parokia inaweza kufanya nini

Hatuzungumzi juu ya pesa nyingi. Makanisa yetu mengi yana chumba kinachokaa kimya tangu Jumatatu hadi Jumamosi, na mengine yana paneli za jua zinazowasha vyombo vya muziki siku ya ibada tu. Tunapendekeza mambo manne:

Kwanza, fungueni chumba hicho jioni tatu kwa juma, kiwe na meza, taa na mahali pa kuchajia simu. Mzee mmoja au shemasi ashike ufunguo.

Pili, kama inawezekana, wanafunzi wachange pamoja kwa mtandao mmoja wa chumba, badala ya kila mmoja kununua mega zake.

Tatu, chagueni mtu mmoja, mama au baba aliyesoma, ambaye kazi yake ni kumuuliza kila mwanafunzi mara moja kwa juma: "Unaendeleaje?" Asihukumu. Aulize na asikilize, na akiona mtu amekwama, amwambie mchungaji.

Nne, msaada wa pesa msiutoe wote siku ya kuandikishwa. Wekeni sehemu kwa ajili ya mwezi wa mitihani, wakati mwanafunzi anapohitaji safari na mega kuliko wakati wote. Hapo ndipo wengi wanaachia.

Ukibaki nyuma

Mwisho, neno kwa yule anayesoma makala hii akiwa ameacha tayari. Huenda hujafungua ukurasa wa chuo tangu mwaka jana, na mtu akiuliza unabadilisha maneno. Ndugu, dada, andika barua moja kwa ofisi ya wanafunzi. Uliza maswali mawili: je, jina langu bado liko, na krediti nilizokwisha kupata zinabaki? Katika mpango wa LMD, krediti uliyoipata ni yako. Kwa kawaida huanzi upya kabisa. Kisha mwambie mtu mmoja katika parokia yako ukweli wote, na mwombe aje nawe Jumamosi ya kwanza.

Nanyi wazee na wachungaji, Jumapili hii waulizeni wakristo: ni nani kati yetu anayesoma kutoka mbali? Waandikeni majina. Huenda mkashangaa ni wangapi, na ni wangapi walikuwa wanangoja kuulizwa.

Bwana awape wanafunzi wetu uvumilivu, na atupe sisi moyo wa kutembea pamoja nao mpaka mwisho.